Jinsi ya kupitia orodha ya vijenzi vya dirisha katika Java Swing, hatua kwa hatua

Wanaoanza Swing, maktaba ya Java ya kutengenezea madirisha ya programu, huuliza maswali yaleyale. "Nina visanduku kumi na viwili vya maandishi, lazima niandike `setText("")` mara kumi na mbili?" "Nimeizima paneli, mbona vitufe vilivyomo bado vinabonyezeka?" "Nikipitia vijenzi vya dirisha napata kimoja tu, vingine viko wapi?"

Yote yanajibiwa na kitanzi cha mistari michache. Wengi wanaokwama wanajua vizuri kuandika `for`, ila hawajajiuliza wanapitia orodha ipi, nani aliyeijaza, na imebeba aina gani ya vitu. Ushauri wangu nautoa mapema ili usome hatua zote ukiwa nao kichwani: tunza orodha yako mwenyewe tangu unapoijenga fomu. Kuvichimbua vijenzi kutoka ndani ya dirisha kuwe njia ya mwisho.

Ninaposema vijenzi nina maana ya vitufe, lebo, visanduku vya maandishi, visanduku tiki na vyote vinavyoonekana kwenye dirisha la programu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- JDK 17 au mpya zaidi, yaani vifaa vya kutengenezea na kuendeshea programu za Java. Hatua ya 5 na ya 7 zinatumia `instanceof` inayotangaza kigeu palepale, jambo lililoingia rasmi katika Java 16 mwaka 2021. Ukiwa kwenye Linux, usisakinishe kifurushi chenye neno `headless` katika jina lake, maana hicho hakifungui madirisha.
- Kihariri chochote cha msimbo.
- Uwe unajua kuandika klasi, kuita methodi na kutumia `for` ya kawaida. Zaidi ya hapo tutajifunza njiani.

Faili ni moja tu, `Fomu.java`. Tangu Java 11 unaweza kuliendesha moja kwa moja kwa amri `java Fomu.java` bila kulikompaili kwanza.

Hatua ya 1. Amua orodha itabeba nini

Kabla ya kugusa kibodi, jibu swali hili: nitakapopita kwenye orodha, nitakiambia kila kijenzi kifanye nini?

Ukitaka kufuta au kusoma maandishi, orodha iwe `List<JTextField>`. Ukitaka kuzima na kuwasha tu, `List<JComponent>` inatosha, kwa sababu kila kijenzi cha Swing utakachokiweka kwenye fomu kina `setEnabled`. Ukichanganya `JTextField` na `JTextArea` na unachotaka ni maandishi yake, tumia mzazi wao wa pamoja, `JTextComponent`, aliyeko katika `javax.swing.text`.

Kanuni ni kuchagua mzazi wa karibu zaidi mwenye methodi unayoihitaji. Ukipanda juu mno, tuseme `List<Object>`, kila kijenzi utakachokitoa itabidi ukibadilishe aina kwanza. Hapo ndipo `ClassCastException`, kosa la kubadilisha kitu kuwa aina isiyo yake, inapozaliwa.

Hatua ya 2. Jaza orodha wakati uleule unapoijenga fomu

Huu ndio msingi wa programu yetu:

```java
import java.awt.*;
import java.util.ArrayList;
import java.util.List;
import javax.swing.*;

public class Fomu {
    private final List<JTextField> visanduku = new ArrayList<>();
    private final JPanel paneli = new JPanel(new GridLayout(0, 2));

    private void ongezaKisanduku(String jina) {
        JLabel lebo = new JLabel(jina);
        JTextField kisanduku = new JTextField(20);
        kisanduku.setName(jina);
        kisanduku.putClientProperty("lebo", lebo);
        visanduku.add(kisanduku);
        paneli.add(lebo);
        paneli.add(kisanduku);
    }

    private void onyesha() {
        for (String jina : List.of("Jina", "Simu", "Barua pepe", "Anwani")) {
            ongezaKisanduku(jina);
        }
        JButton futa = new JButton("Futa yote");
        futa.addActionListener(e -> futaVyote());

        JFrame dirisha = new JFrame("Usajili");
        dirisha.setDefaultCloseOperation(JFrame.EXIT_ON_CLOSE);
        dirisha.add(paneli, BorderLayout.CENTER);
        dirisha.add(futa, BorderLayout.SOUTH);
        dirisha.pack();
        dirisha.setVisible(true);
    }

    private void futaVyote() {
        // tutaijaza katika hatua ya 3
    }

    public static void main(String[] args) {
        SwingUtilities.invokeLater(() -> new Fomu().onyesha());
    }
}
```

Tazama `ongezaKisanduku`. Kisanduku kinaingia kwenye paneli ili kionekane, na kinaingia kwenye `visanduku` ili ukipate baadaye. Mambo hayo mawili yakae kwenye methodi moja. Ukiyatenganisha, siku moja utaongeza kisanduku kipya kwenye paneli na kukisahau kwenye orodha, na kitufe cha kufuta kitakiruka kimyakimya bila ujumbe wowote wa kosa.

`setName` haibadilishi chochote kwenye skrini. Inakipa kijenzi jina utakaloweza kulisoma ndani ya kitanzi. `putClientProperty` inakibandikia kisanduku lebo yake. Tutaihitaji katika hatua ya 8.

*Onyo kuhusu `List`.* Java ina `List` mbili: ya `java.util`, ambayo ndiyo tunayoitaka, na ya `java.awt`, ambayo yenyewe ni kijenzi cha dirisha. Ukiandika `import java.awt.*;` peke yake utaambiwa `type List does not take parameters`. Ukiongeza `import java.util.*;` utaambiwa `reference to List is ambiguous`. Dawa ni mstari `import java.util.List;` kama ulivyo hapo juu.

*Onyo kwa wanaotumia safu (array).* `new JTextField[4]` haitengenezi visanduku vinne. Inatengeneza nafasi nne zenye `null`. Na hili halitakusaidia kuzijaza:

```java
for (JTextField k : safu) {
    k = new JTextField();   // safu haiguswi
}
```

Hapa `k` ni kigeu cha muda. Unakipa kisanduku kipya, kinatupwa mzunguko unapokwisha, na safu inabaki na `null` zake. Jaza safu kwa `safu[i] = new JTextField();`, au tumia `ArrayList` na tatizo lote litoweke. Kwa fomu za kawaida sioni sababu ya kuhangaika na safu.

Hatua ya 3. Andika kitanzi cha kwanza

```java
private void futaVyote() {
    for (JTextField k : visanduku) {
        k.setText("");
    }
}
```

Unausoma hivi: kwa kila `JTextField`, tuiite `k`, iliyomo ndani ya `visanduku`, weka maandishi matupu. Ukiongeza kisanduku cha tano au cha hamsini, methodi hii haiguswi.

Mara nyingi utahitaji kukatisha kitanzi katikati, kwa mfano unapotafuta kisanduku cha kwanza kilichoachwa wazi:

```java
private boolean imekamilika() {
    for (JTextField k : visanduku) {
        if (k.getText().isBlank()) {
            JOptionPane.showMessageDialog(paneli, "Jaza sehemu hii: " + k.getName());
            k.requestFocusInWindow();
            return false;
        }
    }
    return true;
}
```

`return true` iko nje ya kitanzi, na lazima ikae huko. Kosa ninaloliona kila mara ni kuiweka ndani, kwenye `else`. Hapo methodi inakagua kisanduku cha kwanza tu, na kikiwa kimejazwa inatangaza kuwa fomu nzima iko sawa.

Utakutana pia na `visanduku.forEach(k -> k.setText(""))`. Inafaa kwa kazi ya mstari mmoja, lakini `break` haikubaliki ndani yake, na `return` inatoka kwenye lambda tu (kile kipande cha msimbo chenye `->`) huku mzunguko ukiendelea. Kwa ukaguzi kama huu baki na `for`.

Hatua ya 4. Tumia namba ya nafasi pale tu unapoihitaji

Unaihitaji kijenzi kinapomhusu jirani yake. Tuseme mtumiaji akibonyeza Enter kwenye kisanduku kimoja, kishale kihamie kinachofuata. Weka mistari hii ndani ya `onyesha`, baada ya visanduku vyote kuongezwa:

```java
for (int i = 0; i < visanduku.size() - 1; i++) {
    JTextField kinachofuata = visanduku.get(i + 1);
    visanduku.get(i).addActionListener(e -> kinachofuata.requestFocusInWindow());
}
```

Kikomo ni `size() - 1` kwa sababu kisanduku cha mwisho hakina kinachokifuata. Ukisahau kutoa moja, utapata `IndexOutOfBoundsException`.

Halafu, kwa nini tumetangaza `kinachofuata` badala ya kuandika `visanduku.get(i + 1)` ndani ya lambda? Kwa sababu kompaila ingekataa na kusema `local variables referenced from a lambda expression must be final or effectively final`. Lambda itaendeshwa baadaye, mtumiaji atakapobonyeza Enter, wakati `i` imeshabadilika mara kadhaa. Kwa hiyo Java inakutaka uipe kitu kisichobadilika, na `kinachofuata` huzaliwa upya katika kila mzunguko. Kigeu cha `for` fupi ya hatua ya 3 hakina shida hii, nacho unaweza kukitumia ndani ya lambda bila matata.

Hatua ya 5. Vijenzi vya aina tofauti katika orodha moja

Fomu halisi ina visanduku tiki na orodha za kuchagua pia. Kuzima vyote ni rahisi, kwani `setEnabled` ni ya wote. Kufuta ndiko kunakotofautiana: `JTextField` inataka `setText("")`, `JCheckBox` inataka `setSelected(false)`, `JComboBox` inataka `setSelectedIndex(-1)`. Njia ambayo wengi huanza nayo ni hii, `vijenzi` ikiwa `List<JComponent>` uliyoijaza mwenyewe:

```java
for (JComponent c : vijenzi) {
    if (c instanceof JTextField k) {
        k.setText("");
    } else if (c instanceof JCheckBox t) {
        t.setSelected(false);
    } else if (c instanceof JComboBox<?> m) {
        m.setSelectedIndex(-1);
    }
}
```

Inafanya kazi, ila angalia mpangilio. `JPasswordField` ni mtoto wa `JTextField`, kwa hiyo ukitaka kuishughulikia kipekee iweke juu ya mzazi wake. Ikiwa chini haitafikiwa kamwe.

Mlolongo huu ukizidi matawi matatu, mimi huuacha. Kila aina mpya ya kijenzi inakulazimu urudi kuongeza tawi, na ukisahau hakuna kitakachokuonya. Mwache kila kijenzi aje na maelezo ya namna ya kumfuta, yasajiliwe siku anayoundwa kama `Runnable`, yaani kazi itakayoendeshwa baadaye:

```java
private final List<Runnable> zaKufuta = new ArrayList<>();

// wakati wa kujenga fomu
zaKufuta.add(() -> kisanduku.setText(""));
zaKufuta.add(() -> tiki.setSelected(false));
zaKufuta.add(kundi::clearSelection);

// wakati wa kufuta
for (Runnable kazi : zaKufuta) {
    kazi.run();
}
```

Kitanzi hakijui tena kinashughulika na aina gani, na hakihitaji kujua. Huu ndio uzuri wa programu za objekti: kila mmoja anaitikia wito uleule kwa namna yake. Ona pia kwamba `kundi`, ambayo ni `ButtonGroup`, imeingia ingawa si kijenzi cha dirisha. Ina umuhimu wake: `JRadioButton` iliyochaguliwa ndani ya `ButtonGroup` haiondoki hata ukiiambia `setSelected(false)`. Ni `clearSelection()` ya kundi ndiyo inayoiondoa.

Hatua ya 6. Ukilazimika kupitia paneli yenyewe

Wakati mwingine huna orodha: fomu imeandikwa na mtu mwingine, au imetengenezwa na zana ya kuchorea madirisha. Hapo tumia `getComponents()`, ila elewa inakurudishia nini. Inarudisha watoto wa ngazi moja tu, kwa mpangilio wa kuongezwa kwao isipokuwa mtu ameubadilisha.

Kwenye fomu yetu `paneli.getComponents()` inatoa vijenzi 8: lebo nne na visanduku vinne. `dirisha.getContentPane().getComponents()` inatoa 2: paneli na kitufe. Na `dirisha.getComponents()` inatoa kimoja, `JRootPane`, ambacho hukukiweka wewe. Hicho ndicho "kimoja tu" kinachowasumbua wengi. Dirisha la Swing limefungwa kama sanduku ndani ya sanduku, na kila `getComponents()` inafungua moja.

Hatua ya 7. Zamia hadi chini

Methodi inayojiita yenyewe ndiyo inayofungua masanduku yote:

```java
static void wezesha(Container chombo, boolean hali) {
    for (Component c : chombo.getComponents()) {
        c.setEnabled(hali);
        if (c instanceof Container ndani) {
            wezesha(ndani, hali);
        }
    }
}
```

Sasa `wezesha(paneli, false)` inazima kila kilichomo, tofauti na `paneli.setEnabled(false)` ambayo inaigusa paneli peke yake na kuwaacha watoto wake.

Kuwa mwangalifu na mambo mawili. La kwanza, ukiwasha tena kwa `true`, utawasha hata kile kitufe ulichokuwa umekizima kwa makusudi. Weka kumbukumbu ya vilivyokuwa vimezimwa tangu awali, au orodha maalumu ya vinavyoruhusiwa kuguswa.

La pili ni gumu zaidi kuligundua: vijenzi vingi vya Swing vina vijenzi vingine ndani yake. `JSpinner` inabeba kisanduku cha maandishi. `JComboBox` inabeba kitufe cha mshale. `JScrollPane` inabeba `JViewport`, na kijenzi chako kiko ndani ya huyo. Ukizamia huku unafuta kila `JTextField` unayokutana nayo, utafuta pia namba inayoonekana kwenye `JSpinner`, maana kisanduku chake cha ndani ni mtoto wa `JTextField`. Unapofika kwenye kijenzi kama hicho, kishughulikie chenyewe na usizame ndani yake.

Hatua ya 8. Kuondoa vijenzi

Usiondoe kitu kwenye orodha huku unaipitia kwa `for` fupi. Kwa kawaida utapata `ConcurrentModificationException`, na hiyo ni bahati, maana umejulishwa. Ukiondoa kipengele cha pili kutoka mwisho cha `ArrayList`, kitanzi kinaisha kimya na cha mwisho hakikaguliwi kabisa. Kwenye fomu yetu ya visanduku vinne, kuondoa "Barua pepe" kungefanya "Anwani" irukwe bila dalili yoyote.

Kusanya kwanza, ondoa baadaye:

```java
List<JTextField> vyaKuondoa = new ArrayList<>();
for (JTextField k : visanduku) {
    if (k.getText().isBlank()) {
        vyaKuondoa.add(k);
    }
}
for (JTextField k : vyaKuondoa) {
    paneli.remove((Component) k.getClientProperty("lebo"));
    paneli.remove(k);
}
visanduku.removeAll(vyaKuondoa);
paneli.revalidate();
paneli.repaint();
```

Lebo lazima iondoke pamoja na kisanduku chake. `GridLayout` hupanga kwa zamu, na lebo moja ikibaki peke yake inasukuma zote zinazofuata upande usio wao. Kumbuka pia ile kazi ya Enter ya hatua ya 4: kisanduku kilichokuwa kinaelekeza kwa kilichoondolewa sasa hakielekezi popote, hivyo unganisha upya.

Kama huna orodha na unaondoa kutoka kwenye paneli, `for (Component c : paneli.getComponents())` ni salama, kwa sababu `getComponents()` inakupa nakala. Kisicho salama ni kupanda kwa `i` ukitumia `paneli.getComponent(i)`, maana kila ukiondoa kimoja vilivyobaki vinasogea. Shuka kutoka mwisho kwenda mwanzo.

Mambo yakienda kombo

*`NullPointerException` ndani ya kitanzi.* Safu haijajazwa, au kitanzi kinaendeshwa kabla fomu haijajengwa. Rudi hatua ya 2.

*Kitanzi hakifanyi lolote, wala hakuna kosa.* Chapisha `visanduku.size()` kabla ya kuanza. Ikiwa 0, huenda umetangaza orodha nyingine yenye jina hilohilo ndani ya methodi, na hiyo ndiyo inayojazwa.

*Vijenzi vimeondolewa lakini bado vinaonekana.* Hujaita `revalidate()` na `repaint()`.

*Kufuta fomu kunaamsha kazi nyingine.* `setSelectedIndex` kwenye `JComboBox` huwaita wasikilizaji wake (msimbo uliosajiliwa kungoja tukio) kama vile mtumiaji ndiye aliyechagua. Weka kigeu cha `boolean`, tuseme `inafutwa`, na msikilizaji akikague kwanza.

*Dirisha linaganda, kisha mabadiliko yote yanatokea kwa mpigo.* Umeweka `Thread.sleep` au kazi nzito ndani ya kitanzi. Swing huchora kwa uzi (thread) uleule unaoendesha msimbo wa vitufe vyako, kwa hiyo haiwezi kuchora hadi kitanzi kiishe. Kwa mabadiliko ya hatua kwa hatua tumia `javax.swing.Timer`. Kwa kazi nzito tumia `SwingWorker`.

*Hujui kijenzi chako kiko ndani ya nini.* Endesha programu kutoka kwenye konsoli, bofya ndani ya dirisha lake, kisha bonyeza Ctrl, Shift na F1 kwa pamoja. Kwenye kompyuta mpakato nyingi itabidi uongeze Fn. Java itachapisha mti mzima wa vijenzi vya dirisha hilo, kila ngazi ikiwa imesogezwa kulia kidogo, pamoja na majina uliyoyaweka kwa `setName`. Tafuta "Barua pepe" kwenye mti huo, hesabu ngazi zilizo juu yake, na utajua `getComponents()` yako inapaswa kuanzia wapi.